Kadi ya DVD Iliyopanda Basi la Ifakara

Historia ya sinema nchini mwetu husimuliwa kwa majina ya majumba: Avalon, Empire na Empress za Dar es Salaam, Majestic ya Zanzibar. Ni historia ya kweli, ila sisi wa bonde la Kilombero hatumo. Nimezaliwa na kukulia Ifakara, na utotoni mwangu sinema ilikuwa kitu cha kuja na gari na kuondoka usiku uleule. Shuka jeupe lilifungwa kati ya miembe miwili, projekta ikanguruma, na watoto tuliokosa nafasi mbele tukazunguka kuangalia kwa nyuma ya shuka, maandishi yakiwa kinyumenyume. Sinema ya kuamua wenyewe leo tunaangalia nini ilichelewa sana kufika. Ilianza na mkanda, ikaishia kwenye diski, na kati ya viwili hivyo kulikuwa na miaka michache ambapo iliingia kwa kompyuta ya nyumbani. Miaka hiyo ndiyo ninayotaka kuiandika, kwa sababu nilikuwamo, na kwa sababu naona inasahaulika.

Jambo hili halielezeki bila umeme. Bonde letu liliwasha taa za Dar es Salaam kabla ya kuwasha za kwake. Kituo cha Kidatu kilianza kuzalisha umeme mwaka 1975 kwa maji ya Ruaha Mkuu, baadaye kikafikia megawati 204, na kuelekea mwaka 2000 Kihansi ikaongeza megawati 180 kutoka milima ya upande wa Mlimba. Nyaya zilipita juu ya vijiji vilivyokuwa vikisoma kwa vibatari, na vingine viliendelea hivyo miaka mingi. Kwa hiyo mwenye banda la video alikuwa kwanza ni mwenye jenereta, halafu ndiyo akawa mwenye deki na televisheni. Alipopiga hesabu za usiku mmoja, alianza na petroli.

Na nchi nzima ilikuwa imechelewa, si sisi peke yetu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, na vituo vya kwanza vya televisheni Tanzania Bara, ITV kikiwemo, vilianza 1994. Mtu wa Ifakara aliyetaka kuona picha inayotembea alikwenda bandani. Ukuta wa mabati au matete, mabenchi ya mbao, tangazo la chaki mlangoni, na ndani joto la kutosha kuanika mpunga. Vibanda umiza, vijana waliviita, na nani angebisha? Kazi zilizovuma zilikuwa za Kihindi, za kareti, na za steringi mmoja anayemaliza jeshi zima bila kuishiwa risasi.

Mkanda wa VHS haukulipenda bonde letu. Masika ukungu uliingia ndani ya kasha na kuota juu ya utepe; kiangazi vumbi la barabara ya Kidatu lilifanya kazi yake. Mkanda uliotoka Kariakoo ukiwa safi ulikuwa na theluji kwenye picha baada ya msimu mmoja. Hata hivyo ulioneshwa, ukakodishwa, ukavushwa mto Kilombero kwa kivuko kwenda Lupiro na Mahenge, ukarudi, ukaoneshwa tena. Mikanda iliyogombewa kuliko yote ni ile yenye sauti ya Lufufu, yaani Derick Gasper Mukandala, mtu wa Dar es Salaam aliyeweka Kiswahili juu ya filamu za kigeni. Hakutafsiri neno kwa neno. Alieleza, aliwapa watu majina, aliingiza mitaa tunayoijua, akamsema adui kabla adui hajafungua mdomo. Mtafiti wa Kijerumani Matthias Krings aliandika juu ya sanaa hiyo na makala yake akaiita kwa maneno ya kugeuza wali kuwa pilau. Kwa watu wa bonde linalolisha nchi mchele, sijui kama ingepatikana sifa kubwa zaidi.

Halafu ikaja VCD. Ilikuwa diski ya kiwango cha mwaka 1993, na kwetu ilizagaa kuelekea mwisho wa miaka ya 1990. Diski moja ilibeba takriban dakika 74 za picha, kwa hiyo filamu moja ilikuwa diski mbili, na mabadiliko ya diski yalikuwa ndiyo mapumziko ya kununua karanga. Picha yake haikuwa nzuri kuliko mkanda mpya. Ilikuwa nzuri kuliko mkanda wa Ifakara, na hilo lilitosha.

Wakati huo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja hapa mjini. Ifakara ilizijua kompyuta mapema kuliko miji mingi ya ukubwa wake, kwa sababu ya uhusiano wake na Uswisi: Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, wamisionari Wakapuchini, na maabara ya utafiti iliyofunguliwa mwaka 1957 na Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Uswisi, ambayo ndiyo mzazi wa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mashine zilizochoka maofisini ziliuzwa au kugawiwa. Mimi nilipata moja: Pentium ya megahezi 200, yenye Windows 98, na nikaanza kuchapa mitihani ya shule, ratiba za mazishi na kadi za michango ya harusi sebuleni kwangu.

Mume wa dada yangu alikuwa na banda la video. Mwaka 2001 alikuja na diski mkononi, inang'aa pande zote mbili, akaniambia, “Shemeji, hii ndiyo DVD. Deki yake bei haishikiki. Kompyuta yako haiwezi kuisoma?”

Swali lake lilikuwa la maana kuliko alivyojua. DVD ilianza kuuzwa Japani Novemba 1996. Ni diski ya ukubwa uleule wa CD, lakini mistari ya vishimo vyake imesongamana zaidi, nafasi kati ya mstari na mstari ni chini ya nusu ya ile ya CD, na mwanga unaoisoma ni mwekundu wenye mawimbi mafupi zaidi. Ndiyo maana inabeba gigabaiti 4.7 pale CD inapobeba megabaiti 700. Picha yake ina nukta mara nne ya zile za VCD. Lakini picha hiyo imebanwa, na ili iangaliwe lazima ifumbuliwe upya kila sekunde, fremu 25 kwa mfumo wetu. Pentium ya 200 haikuwa na ubavu huo. Ingeisoma diski, ingetoa sauti, na picha ingeruka kama mtu anayetembea kwenye matope ya Kivukoni kwetu.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kununua kompyuta mpya ya Pentium II au III, ambayo ingefumbua picha kwa programu tu. Hiyo haikuwa ya watu wa mshahara wangu. Ya pili, kununua draivu ya DVD pamoja na kadi yake: kipande cha sakiti kinachochomekwa kwenye sloti ya PCI, chenye chipu ya kazi moja tu, kufumbua picha za DVD, huku kompyuta yenyewe ikikaa karibu bila kazi. Zilizotajwa sana zilikuwa kadi za Creative, Dxr2 na Dxr3, na Hollywood Plus ya Sigma Designs. Na zilikuwa na jambo ambalo Ulaya pengine lilionekana dogo, kwetu likawa ndilo lenyewe: nyuma zilikuwa na tundu la kutolea picha kwenda kwenye televisheni. Mwenye banda haoneshi sinema kwenye kioo cha kompyuta cha inchi 14. Kadi isiyo na tundu hilo isingetufaa hata ikitolewa bure.

Nilikwenda Dar es Salaam mwenyewe. Kariakoo ya wakati ule ilikuwa na maduka ya redio kwa wingi na ya vipuri vya kompyuta machache, mengine yakiwa Samora. Muuzaji alinipa draivu iliyo kwenye boksi kuukuu.

“Dada, chukua hii. Original.”

“Inasoma CD ya kuchoma, kaka?”

Akanyamaza, akamwita fundi wake. Swali hilo nilifundishwa na kijana mmoja wa maabara pale Ifakara, na hadi leo namshukuru. Draivu za mwanzo kabisa za DVD zilikuwa na mwanga mmoja tu, ule mwekundu, na rangi iliyomo kwenye CD ya kuchoma hairudishi mwanga huo. Ukiingiza CD ya kuchoma, draivu inaona giza. Zilizofuata ziliwekewa mwanga wa pili kwa ajili ya CD. Sasa fikiri: nusu ya mali ya shemeji yangu ilikuwa VCD za kuchoma, pamoja na kazi za Lufufu zilizohamishwa kutoka kwenye mikanda. Draivu isiyozisoma ingetufungulia filamu za Marekani na kutufungia zile zenye Kiswahili. Fundi alijaribu mbele yangu kwa CD niliyotoka nayo nyumbani. Ya kwanza ikakataa. Ya pili ikasoma.

Kulikuwa na swali jingine, na hili lilinikera wakati ule na linanikera bado. Makampuni ya filamu yaliigawa dunia katika kanda. Marekani na Kanada ni ya 1. Ulaya, Japani, nchi za Ghuba na Afrika Kusini ni ya 2. China ya 6. Sisi tuliwekwa ya 5, pamoja na India, Urusi na sehemu kubwa ya Afrika. Diski ya kanda moja haichezi kwenye mashine ya kanda nyingine. Nani aliwahi kuingia duka la Tanzania akakuta rafu ya diski za kanda ya 5? Diski zetu zililetwa na ndugu kutoka London, na wafanyabiashara kutoka Dubai, na mapadri waliorudi likizo. Karibu zote zilikuwa za 2. Kwa mujibu wa waliogawa dunia, Mtanzania aliyenunua diski halali Dubai kwa fedha yake halali hakuruhusiwa kuiangalia nyumbani kwake. Ile ya magendo kutoka China, isiyo na alama ya kanda yoyote, ilicheza bila matata. Halafu watu wanashangaa kwa nini magendo yalishinda.

Draivu zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2000 hazikuwa na kufuli ya kanda ndani yake. Kufuli iliachiwa programu na kadi, na mafundi walijua pa kuigusa. Kuanzia mwaka huo draivu mpya zilifungwa zenyewe, ukipewa nafasi ya kubadili kanda mara tano tu, baada ya hapo ya mwisho inabaki milele. Kwa hiyo nilitafuta draivu ya zamani kidogo kwa makusudi: isiwe ya kwanza kabisa, ikakataa CD za kuchoma, wala isiwe mpya kabisa, ikafungwa kwa kanda. Kulikuwa na mwanya wa mwaka mmoja au miwili tu, na kwenye mwanya huo nilinunua. Pamoja na kadi ilinigharimu fedha ya magunia ya mpunga ambayo shemeji aliyauza kabla ya bei kupanda. Tuligawana nusu kwa nusu.

Nilirudi kwa basi, kupitia Mikumi na Kidatu, boksi likiwa mapajani, limeviringishwa khanga mbili. Kutoka Kidatu hadi Ifakara barabara ilikuwa ya vumbi, na vumbi lile lilikuwa jekundu, laini, linaingia hata kwenye saa ya mkononi. Draivu ina lenzi ndogo sana. Nilijua nikiliweka boksi kwenye buti, nitafika na kipande cha chuma.

Kuifunga ilichukua jioni moja. Nyuma ya draivu kuna kijipini kinachohamishwa ili kompyuta ijue ipi ni ya kwanza na ipi ya pili kwenye waya mmoja. Kadi ilikuwa na kebo fupi ya kuunganisha na kadi ya picha ya kawaida, ili picha ya DVD ipandishwe juu ya ile ya Windows. Kebo hiyo ikilegea, rangi zote zinageuka zambarau. Tuliibana kwa kamba ya mpira.

Banda lilijaa. Filamu ya Kihindi, “Kuch Kuch Hota Hai”, ilioneshwa kwa diski, na kwa mara ya kwanza maandishi ya Kiingereza yalisomeka hata kutoka benchi la nyuma. Kijana aliyekuwa sekondari akasimama kando ya televisheni akawa anayatafsiri kwa sauti, na kina mama waliokuwa hawaingii bandani kwa sababu ya filamu za kareti wakaja na watoto. Hilo naliona kuwa badiliko kubwa kuliko ubora wa picha. Diski ilikuwa na maandishi ya kuchagua, na maandishi yakampa kazi mfasiri wa papo hapo, Lufufu mdogo wa Ifakara.

Shida ilikuwa umeme. Deki ikizimika na kuwashwa, inaendelea. Windows 98 ikizimika ghafla, ikiwashwa inaanza kukagua diski yake yenyewe, polepole, na watu mia wanapiga miluzi. Jenereta nayo ilikuwa ikipandisha na kushusha, hata stabilaiza ikawa inalia kama kifaranga. Kompyuta na kioo chake zilikula umeme mara nyingi zaidi ya deki. Wakati wa mgawo wa mwaka 2006, mabwawa yalipokauka na nchi nzima kukaa gizani kwa zamu, petroli ilimaliza faida ya kila usiku.

Lakini wakati huo kompyuta ilikuwa imekwisha kushindwa. Deki za DVD za Kichina zilishuka bei haraka, zikasoma kanda zote, VCD, CD za kuchoma na hata diski zenye kwaruzo za kutisha, na zilikula umeme kidogo hata betri ya gari iliweza kuzibeba kupitia inveta. Zikafuata diski za magendo zenye filamu nane au kumi kwa pamoja, zimebanwa mno, nyuso zimekuwa vitalu, lakini kwa kijiji cha Malinyi kinachongoja mzigo mara moja kwa mwezi zilikuwa ni sinema ya mwezi. Kadi yangu nikaichomoa. Draivu nikaiacha.

Miaka ya Bongo Muvi nitaipitia kwa haraka, maana imeandikwa na wengi. Maktaba za kukodisha zilijaa kazi za nyumbani, mwigizaji Steven Kanumba akawa mtu wa kila sebule, na alipofariki Aprili 2012 mitaa ya Ifakara ilikaa kimya kama msibani. Mwaka 2013 ukaja utaratibu wa stempu za Mamlaka ya Mapato (TRA) kwenye mikanda na diski, ukiwa na nia ya kumlinda msanii. Muda si mrefu flashi na memori kadi zikaondoa diski mikononi mwa watu, na simu ikaondoa banda. Daraja la mto Kilombero, mita 384, lilipofunguliwa mwaka 2018, hakukuwa tena na mzigo wa diski wa kuvusha.

Nilichobaki nacho ni ile draivu, na kazi niliyoanza kuifanya nayo baada ya kununua nyingine ya kuchomea. Watu waliniletea harusi, komunyo ya kwanza, mazishi ya wazee, ngoma za sangula zilizorekodiwa kwa kamera ya kuazima. Nilizichoma kwenye diski na kuziandika kwa kalamu ya wino. Hizo ndizo zinazokufa sasa. Diski ya kiwandani ina vishimo vilivyogandamizwa kwenye plastiki. Ikitunzwa hukaa miaka mingi. Diski ya kuchoma ina rangi ya kikemikali, na rangi hiyo haipendi jua, joto wala unyevunyevu, yaani haipendi Ifakara. Nimeletewa diski za mwaka 2005 zilizopauka ukingoni, na wimbo wa bibi aliyekwisha kufa unakatika katikati ya ubeti. Kazi za wafasiri wa Kiswahili ziko kwenye hali hiyohiyo, kwa sababu nyingi hazikuwahi kufika kiwandani.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wa Ifakara, Mang'ula, Mlimba, Malinyi na Mahenge mlio na diski kwenye masanduku: msizisugue kwa dawa ya meno. Zifuteni kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Mtafuteni mwenye draivu, maana kompyuta nyingi mpya hazina tena, ingawa za kuchomeka kwa USB bado zinauzwa. Nakilini sehemu mbili, moja ibaki nyumbani, nyingine kwa ndugu aliye mbali. Na fanyeni hivyo mwaka huu, kabla ya masika.